Mwaka Niliohamisha Filta

Mzee Wekesa alizikwa Subukia, kwenye shamba alilolinunua uzeeni, na hata jeneza halijashushwa nilikuwa nimeshasikia filta yangu ikipewa mtu mwingine kwa kipaza sauti. Kijana aliyesoma maisha ya marehemu, ambaye nadhani hakuwa amezaliwa mwaka ninaotaka kuusimulia, alifika kwenye habari za gereji ya Nakuru akainua sauti: "Na ni hapo kwa hiyo gereji, wapendwa, ndio fundi wetu Sila alitoa filta ya pikapu kutoka kule chini akaileta hapa juu. Mpaka wa leo watu wa maziwa wanamshukuru." Watu wakapiga makofi ya msibani, ya polepole. Sila alikuwa ameketi safu ya mbele, kofia magotini, mvi zimemjaa. Akainamisha kichwa. Kuinamisha kichwa huko nakujua vizuri. Mara ya kwanza kumwona akiinama hivyo ilikuwa mezani kwa Mzee Wekesa, sahani zikiwa bado zinafuka moshi, na sijasahau. Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema pamoja na wanawake wa kanisa nisiowajua, na mmoja wao akaniuliza kama nilikuwa jamaa. Nikamwambia nilikuwa fundi wa marehemu. Akanitazama viatu, kisha akatabasamu kwa upole kama mtu aliyeambiwa utani asiouelewa.

Mtu asiyewahi kulala chini ya gari ataniuliza filta ni kitu gani cha kushikilia moyoni miaka yote hii. Nitaeleza mara moja tu. Dizeli ikitoka kwenye tangi haiendi moja kwa moja kwenye injini. Inapita kwanza kwenye filta, kopo la chuma lenye karatasi ndani, ambalo hushika uchafu na maji. Likijaa, gari linakohoa, linakosa nguvu mlimani, mwishowe linazima. Dawa yake ni kufungua kopo la zamani na kufunga jipya, kazi ambayo ingefaa iishe kabla chai haijapoa. Lakini aina ya pikapu iliyokuwa imejaa Nakuru mwaka ule, zile za kubeba maziwa na viazi, filta yake ilifichwa chini nyuma ya injini, chini ya mabomba ya hewa, mahali ambapo hata tochi ilikuwa inaogopa kufika. Kuifikia ilibidi utoe betri, utoe boksi la kusafishia hewa, kisha upenyeze mkono mpaka kwenye kiwiko, ukigeuza spana bila kuiona, na injini ikiwa na joto unatoka na ngozi imebaki huko. Mafundi wenye mikono minene waliichukia kazi ile kuliko kazi yoyote nyingine.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuajiriwa. Nilipofika kwa Mzee Wekesa kuomba kazi, hakuniuliza nimesoma wapi wala msichana anatafuta nini kwenye grisi. Alinishika kifundo cha mkono, akaugeuzageuza mkono wangu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akasema, "Huu utaingia." Nikaanza siku hiyohiyo. Pikapu ikija na filta imeziba, kila mtu aliita, "Mkono wa Moraa uko wapi?" Hawakuuliza Moraa yuko wapi. Wakati huo nilidhani ni sifa, na labda ilikuwa sifa. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Kaptembwo ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda, na kuitwa kwa chochote na watu wazima kulinifurahisha.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba za zamani za reli, na Mzee aliishi katika mojawapo ya nyumba hizo, iliyoachwa na baba yake aliyefanya kazi kwenye treni. Ua wa mabati ndio pekee uliotenganisha injini na sebule. Mpaka leo ninaweza kutembea ndani ya nyumba ile nimefumba macho: sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka unajiona, viti vizito vya mbao vilivyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, redio juu ya kabati ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa Mzee, na harufu ya parafini iliyotufuata sisi mafundi kila tulipoingia kula. Mama Rispa, mkewe, alitandika magazeti kwenye viti kabla hatujaketi. "Msinichafulie vitambaa, nyinyi watu wa mafuta," alisema kila siku, na kila siku alitupakulia kama watoto wake. Asubuhi uji wa wimbi. Mchana githeri ya mahindi na maharagwe, au ugali na sukuma, na maziwa ya mala yakipatikana. Nilikula kwake mwaka mzima. Nilipokuwa na homa alinipikia supu akaileta mwenyewe mpaka Kaptembwo, kwa miguu, akaikalia ile ncha ya kitanda changu akinitazama nikinywa. Nasema haya ili ieleweke. Mtu baki hawezi kukuumiza kwa namna ile.

Sila na mimi tulianza karibu pamoja. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye viganja vipana kama sahani, na kwa sababu mkono wake haukuingia popote, kazi yake pale nilipofanya filta ilikuwa kunishikia tochi na kunichekesha. Jioni tulirudi pamoja Kaptembwo tukitembea, tukipitia kwa mama mmoja wa chapati na maharagwe. Aliniita Mo. Pale gereji hatukusalimiana kwa kiganja. Mkono wa fundi una grisi, kwa hiyo unampa mwenzako kifundo, yeye anakishika, salamu imekwisha. Mtu akikupa kiganja ujue ametoka kuoga au anakwenda harusini. Sila alikuwa na mtindo wa kunishika kifundo kila asubuhi na kukitikisa kwa nguvu huku akisema, "Huu mkono tutauwekea bima." Nilimpenda Sila kama ndugu. Na hilo pia naliweka hapa ili lieleweke.

Jumamosi Mama Rispa alichinja kuku. Kwa watu wa kwao, magharibi, firigisi ni ya mwenye mji. Mwanamke haigusi, mtoto haiulizi, na kuku asiye na firigisi mezani anaweza kuvunja ndoa. Lakini Mzee Wekesa alikuwa na desturi yake mwenyewe, ambayo naamini haikuwepo katika gereji nyingine yoyote Nakuru. Mama alimwekea firigisi kwenye sahani yake, naye akaiinua kwa vidole, watu wote wakiona, akaipeleka kwenye sahani ya fundi aliyefanya kazi nzuri wiki ile. Hakusema mengi. "Huyu gari yake haijarudi," alisema, basi, na aliyepewa alitembea wiki nzima kifua mbele. Mimi sikuwahi kupewa, hata wiki nilizofanya kazi kuwashinda wote, na nilijua ni kwa nini, na wote walijua. Mama Rispa alinicheka jikoni tukiosha vyombo. "Hiyo kitu ina wenyewe, Moraa. Lakini wewe kuwa fundi kamili kwanza. Hiyo siku, mimi mwenyewe nitakuwekea kwa sahani." Nikamwambia nitamdai. Akacheka mpaka povu la sabuni likamrukia usoni.

Katikati ya mwaka Mzee alipata kiwanja Njoro, kwenye barabara ya kwenda chuoni, kati ya mashamba ya ngano na watu wa ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo fundi wa dizeli hawezi kulala njaa. Alitutangazia mchana mmoja, mdomo umejaa ugali. "Mwaka ukiisha, mmoja wenu atashika Njoro. Atakuwa anafungua boneti bila kuniuliza. Sitaandika barua. Nitamwambia na firigisi." Tukacheka wote, ila alikuwa anasema kweli, na tulijua anawatazama watu wawili tu, Sila na mimi. Niliitaka Njoro. Niliitaka mpaka nikawa naota milango yake, ambayo ilikuwa bado haijatiwa. Usiku nilipanga pale pa kuweka meza ya vyuma, pale pa kutundika spana, hata rangi ya ukuta. Sila naye aliitaka, na tulilisema hilo waziwazi tukila chapati. "Ukipewa wewe nitakuja kukufagilia," aliniambia. Nami nikamwambia nikishindwa nitamshikia tochi.

Ikawa bwana Karanja ndiye aliyenifungulia njia, bila kukusudia. Alikuwa akikusanya maziwa kwa wakulima wa Subukia na kuyaleta mjini kwa pikapu yake ya samawati, na dizeli alinunua kwenye mapipa ya huko huko, dizeli yenye maji na matope ya kutosha kupanda mihogo. Karibu kila wiki alikuwa kwetu, filta imeziba. Siku moja gari lilimzimia mlimani na jua kali, na alipofika maziwa yalikuwa yameganda kwenye mikebe. Alishuka akabamiza mlango. "Mzee, nyinyi mnanichezea! Mimi niambie wakulima nini? Ati filta?" Nikavaa ovaroli, nikapenyeza mkono kama kawaida, injini ikiwa bado inachemka, na bomba likanichoma juu ya kifundo. Kovu lipo. Nilitoa mkono nikiwa na machozi ya hasira na swali likanitoka kabla sijalifikiria. "Mzee, nani alisema hii filta lazima ikae hapa?"

"Wenye kutengeneza. Watu wa ng'ambo," Mzee akajibu.

"Na wao huja kuibadilisha?"

Mafundi wakacheka. Mzee hakucheka. Alikuja akainama juu ya injini, akatazama kule chini, kisha akatazama nafasi iliyokuwa wazi kando ya betri, juu, mahali ambapo hata mtoto angefikia. "Jaribu," akasema. "Lakini gari ya mtu isilale hapa."

Nilianza kwa kamba, nikiipitisha njia ambayo mpira wa dizeli ungepita, mbali na bomba la moshi, mbali na usukani. Nilikata boksi la katoni likawa umbo la breketi, kishikio cha kuifungia filta, nikalijaribisha mpaka likakaa, ndipo nikalipeleka kwa jirani wa kuchomelea akanikunjia chuma bapa kwa umbo lilelile. Nikafunga breketi kwa bolti mbili, nikaiweka filta juu, na pampu yake ndogo ya mkono ikawa inaangalia mbele kama pua. Kwa jaribio la kwanza nilitumia mpira mweupe unaoonyesha ndani, kwa sababu nilitaka kuiona dizeli ikipita. Gari likawaka, likanguruma, likazima. Likawaka tena, likazima. Nilikuwa karibu kulia. Sila, aliyekuwa ameshika tochi, akainama. "Mo, naona mapovu." Ni kweli, mapovu madogo yalikuwa yanapita kwenye mpira kama ya soda. Hewa ilikuwa inaingia pale nilipofunga klipu vibaya. Nikaifungua, nikakata upya ncha ya mpira, nikafunga klipu mbili badala ya moja, nikapampu mpaka hewa yote ikatoka. Likawaka. Halikuzima tena. Baadaye nikaondoa mpira mweupe nikaweka mpira mweusi wa dizeli wenyewe, kwa sababu ule mweupe ungekauka na kupasuka kwa joto. Sila aliyaona mapovu. Sijawahi kumnyang'anya hayo. Nayarudia hapa kwa maandishi: mapovu ni ya Sila.

Karanja aliporudi na filta mpya mkononi, nilimwambia aibadilishe mwenyewe. Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akafungua boneti, akashika filta, akaizungusha kwa mkono mtupu, ikatoka. "Wee! Kumbe hata mimi!" akapiga kelele, na dizeli imemchuruzikia mpaka kwenye kiwiko cha koti lake la kanisani. Habari zikasambaa Subukia nzima, zikaingia Njoro, na kabla mvua za vuli hazijaanza, pikapu zilikuwa zinapanga foleni nje ya ua wa mabati, zikitaka "ile kitu ya kuhamishwa." Nilizihamisha zote. Mzee alinipa kona yangu na vifaa vyangu. Wateja waliniita "sister wa filta." Na katika furaha yangu sikuona jambo moja la wazi kabisa, kwamba kila filta niliyoileta juu ilikuwa imepunguza haja ya mkono wangu mdogo. Nilikuwa nakata tawi nililolikalia, na nilikuwa nikisifiwa kwa jinsi ninavyokata vizuri.

Siku hizo kulikuwa na kijana wa Njoro, mwalimu, aliyekuwa akinifuatafuata kanisani. Hakuwa na ubaya, wala hakuwa na kitu kikubwa cha kunivuta. Sikujua nimjibu nini. Sikuwa na mama karibu wa kumuuliza, kwa hiyo nilimwuliza Mama Rispa, jikoni, mikono yetu ikiwa ndani ya karai moja la vyombo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Usikimbilie," akaniambia. "Na usimwambie mtu. Hii imekaa hapa," akajigusa kifuani na kidole chenye povu. Nilitoka jikoni mle nimekuwa mwepesi.

Wiki ya mwisho ya mwaka, Ijumaa mchana, nilikwenda nyuma ya jikoni kuchukua sabuni ya kunawia grisi. Jikoni ya mabati haina siri. Mzee alikuwa ndani, jambo lisilo la kawaida, na nilisikia akisema, "Lakini kazi ni yake." Nikasimama, sabuni mkononi, kwa sababu nilijua bila kuambiwa kwamba ni mimi ninayezungumzwa.

"Kazi ni ya gereji yako," Mama Rispa akajibu. "Huyo ako na mtu huko Njoro, mwalimu. Ameniambia na mdomo yake. Mwaka ujao ako na mimba, halafu? Utakuwa umepatia nani hiyo gereji? Bwana yake?"

"Filta ni yeye alihamisha, Mama Rispa."

"Filta, filta. Tulimchukua juu ya mkono. Sasa hata wewe mwenyewe na hiyo mikono yako unafikia. Patia Sila. Sila ni mwanaume, hataenda mahali."

Nilingoja Mzee aseme kitu. Nilingoja mpaka jasho la kiganja likailowesha sabuni. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, kisha Mzee akauliza kama chumvi ipo. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Changu kilikuwa jikoni, kikinipakulia. Mtu niliyempa siri yangu kama binti anavyompa mama yake aliikunja akaifanya breketi ya kumfungia mtu mwingine. Nililia pale nyuma, nikanawa uso kwa sabuni ya grisi, macho yakaniwasha mpaka yakawa mekundu, na niliporudi nikasema ni dizeli.

Kesho yake Mama alichinja kuku wawili. Karanja alikuwa amealikwa, na wateja wengine, na fundi wa kuchomelea, sebule imejaa magazeti kwenye kila kiti. Nilikuwa na tumaini bado. Naona aibu kidogo kulisema, lakini nilijiambia kwamba Mzee hakujibu, na mtu asiyejibu bado hajakubali. Akaiinua firigisi kwa vidole. Ikapita mbele yangu, karibu kabisa, nikasikia harufu yake ya kitunguu na dania. Ikatua kwa Sila. "Huyu," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza hakumwangalia aliyempa, aliangalia redio, "huyu ndiye alituhamishia filta. Njoro ni yake." Karanja akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Mimi nilimtazama Sila. Ilikuwa imebaki kwake. Neno moja tu, "si mimi," au hata jina langu, Mo, lingetosha. Sila akainamisha kichwa juu ya sahani. "Asante, Mzee," akasema. Kisha Mama Rispa akazunguka meza akaniwekea paja zima, nene, linalopewa mgeni, na akanigusa bega. "Kula, msichana wangu." Nikala. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikula mpaka mfupa, kwa sababu katika nyumba ile sikuwa nimejifunza kukataa chakula.

Jioni hiyo Sila alinifuata njiani kuelekea Kaptembwo, akikimbia kidogo. "Mo, si ungoje. Ningesema nini sasa? Ni Mzee aliongea."

"Ungesema si wewe."

"Mbele ya watu?" akauliza, na alikuwa ameshangaa kweli, macho wazi, kama nimemwomba avue nguo. "Na si hata mimi niliona mapovu?"

Tulipita kwa mama wa chapati bila kusimama, na tangu jioni ile sikutembea naye tena. Mwaka mpya ulipoingia Mzee aliniita kando ya pikapu moja. Alizungumza kwa upole, akisugua spana kwa kitambaa muda wote. "Kazi ya mkono imepungua, msichana wangu. Tukikuhitaji tutakutumia mtu." Mtu hakutumwa. Yule mwalimu wa Njoro, ambaye niliadhibiwa kwa ajili yake, sikuolewa naye, wala sikumwona tena baada ya Pasaka. Nilizunguka gereji za watu miaka mingi, na leo nina yangu, upande wa pili wa mji, na vijana wananiita Mathe wa Dizeli. Watu wakisikia hapo huniambia, basi, Mungu alikufuta machozi. Mimi huwajibu kwamba Mungu sikumshtaki.

Sasa nirudi Subukia. Kaburi lilipokwisha kufukiwa na watu wakaanza kupanga foleni ya chakula, msichana mmoja wa nyumba ile alikuja kunivuta mkono. Shosho anakuita, akasema, yaani bibi yake. Mama Rispa alikuwa chumbani, ameketi kwenye ncha ya kitanda, mdogo kuliko nilivyomwacha, kitambaa cheusi kichwani. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma vilikuwa vimetundikwa juu ya kiti pembeni. Alimtoa yule msichana nje, akainuka kwa shida, akafunga mlango. Nilimpa pole. Akaipokea, akanimiminia maji kwenye beseni nikanawa, na hakuacha mpaka nikanawa vizuri. Kisha akafunua sahani iliyokuwa imefunikwa kwa sahani nyingine. Ugali kidogo, mchuzi, na firigisi.

"Nilikuahidi," akasema. "Unaona sijasahau."

Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza vizuri miaka mingi. "Mama, wewe ulisema nitakuwa na mimba."

Akaikamata sahani kwa mikono miwili. "Nani alikuambia?"

"Nilikuwa nyuma ya jikoni, nimekuja kuchukua sabuni."

"Na kesho yake ukakula?"

"Nilikula."

Akaketi tena. Nje kipaza sauti kilikuwa kikitangaza watu wa kutoka Njoro waje meza ya mbele pamoja na injinia Sila. Mama Rispa aliisikia, najua aliisikia, kwa sababu aliinua macho kuelekea dirishani kisha akayashusha. "Mzee alitaka kukupatia wewe," akasema. "Ni mimi nilikataa. Hiyo ya mimba nilitafuta tu. Ukweli, Moraa, ni nimekaa kwa hii boma tangu nikiwa msichana, nimechinja kuku sijui ngapi, na hiyo kitu sijawahi hata onja. Halafu wewe uje, mtoto wa juzi, uwekewe mbele yangu? Haikuniingia." Alisema bila kulia. "Sasa mwenyewe amelala. Kula."

Kama angenipiga kofi lisingeniuma zaidi, maana mwaka ule mzima nilidhani tulikuwa upande mmoja wa karai lile. Na bado, nitasema ukweli, mate yalinijaa mdomoni. Nilinyoosha mkono nikaishika ile sahani. "Sawa, Mama. Lakini tutoke nayo. Uniwekee pale nje, mezani kwao. Useme ilikuwa kazi ya nani."

Aliutazama mlango. "Leo? Nikiwa nimetoka kuzika? Watu watasema nini, Moraa?"

Nikamrudishia sahani magotini. "Basi kula wewe, Mama," nikamwambia. "Wewe ndiye hujawahi." Nikafungua mlango, nikatoka na mikono bado imelowa.

Sila alikuwa ameniona. Aliinuka kutoka meza ya mbele, akaacha wazee wa Njoro, akaja kati ya viti akitabasamu tabasamu lile la tochi, na kutoka mbali akaninyooshea kiganja chake kipana. "Mo," akasema. Watu waligeuka kutazama injinia anamsalimia nani. Mikono yangu ilikuwa safi kuliko yake, maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye vidole. Nikakunja kiganja, nikampa kifundo, kama mtu anavyompa mwenzake mkono wenye uchafu. Kovu la pikapu ya Karanja likawa juu, linaonekana. Tabasamu likamtoka. Alikitazama, kisha akakishika, mbele ya watu.